Mungu wa Jumapili na Mungu wa Jumatatu

Yako maneno mawili yanayosikika mara kwa mara mabwenini, hasa wakati huu ambapo sisi wa Kidato cha Nne twajitayarisha kwa mtihani wa Novemba. Neno la kwanza lasema, "Mambo ya Mungu yana siku yake, siku zilizobaki ni za masomo." Neno la pili lasema, "Aombaye sana hana haja ya kusoma sana, kwani Mungu atamfungulia." Wanaolishika neno la kwanza huwacheka wale wa pili, na wale wa pili huwahurumia wale wa kwanza. Kwa maoni yangu wote wamejikwaa penye jiwe moja, kwa kuwa wote wamemtenga Mungu na kazi. Mmoja amemfungia Mungu kanisani ili apate nafasi ya kufanya mambo yake. Mwingine ameikimbia kazi yake akidhani kwamba Mungu yuko mahali pengine tu, mbali na daftari na jembe.

Nia yangu ni kuonyesha kwamba Mkristo hana saa ya Mungu na saa yake mwenyewe. Siku nzima ni ya Mungu, tangu kengele ya alfajiri mpaka taa zizimwe, na kazi halali iliyowekwa mbele yetu katika saa ile ni sehemu ya ibada yetu. Tena nataka kusema kwamba imani ya kila siku haipimwi kwa ukubwa wa sauti wakati wa kuimba. Hupimwa mahali ambapo imani hiyo yatugharimu kitu.

Wazo hili si geni katika nchi yetu hii ya Mara. Kabla ya wamisionari kufika, wazee hawakuwa na Jumapili wala Jumatatu. Kwa Wakuria na baadhi ya jirani zao, jua na Mungu vilihusiana sana, na mzee alipoomba aliligeukia jua lichomozalo. Sisemi kwamba dini ile ilikuwa sawa na Ukristo. Mkristo humwabudu Aliyeliumba jua. Lakini mzee yule alijua jambo moja ambalo sisi tuliosoma twalisahau upesi, yaani kwamba siku haianzi na yeye, na kwamba mwanga amepewa. Ingekuwa aibu kubwa kama sisi tunaojiita waongofu tungekuwa na Mungu mdogo kuliko yule wa babu zetu, Mungu wa saa mbili kwa juma.

Sasa tuitazame siku ya mwanafunzi wa bweni. Watu wengi hudhani kwamba majaribu makubwa yako mjini, kwenye vilabu vya pombe na mahali pa starehe, na kwamba shuleni hakuna nafasi kubwa ya wema wala ya ubaya. Si kweli. Asubuhi kuna foleni ya maji. Mwenye nguvu aweza kupenya mbele na ndoo yake, na kiranja aweza kusema ana haraka. Yule mdogo wa Kidato cha Kwanza atarudi nyuma bila kusema neno, kisha atachelewa kwa sababu hakuoga, naye ndiye atakayeadhibiwa. Mchana kuna chakula. Anayegawa maharage anajua sana namna ya kuuzamisha upawa mpaka chini kwa rafiki yake na kuuelekeza juu juu kwa mwingine. Darasani kuna zoezi la nyumbani ambalo mmoja amelifanya na kumi wamelinakili. Jioni kuna jembe la shule ambalo mpini wake umevunjwa, wala hapatikani aliyeuvunja.

Haya ni mambo madogo, na yeyote aliyeyatenda aweza kujibu kwamba hakuua mtu. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Anayejifunza leo kuuzamisha upawa kwa ajili ya rafiki, kesho atakuwa karani na atalizamisha faili la masikini. Nabii Amosi aliwakaripia wafanyabiashara waliokuwa wakingoja kwa hamu Sabato ipite ili wapate kuuza ngano kwa vipimo vya hila. Hakuwalaumu kwa kukosa kwenda hekaluni, maana walikwenda. Kosa lao lilikuwa kwamba walimwacha Mungu hekaluni walipotoka.

Kwa upande mwingine, sina budi kusema na wenzangu wapendao mikesha. Kuomba ni jambo jema na la lazima; bila maombi Mkristo hukauka kama mche usio na maji. Hata hivyo mtu akipiga kelele za maombi bwenini saa saba za usiku, akawanyima usingizi watu arobaini, kisha saa mbili na nusu asubuhi akasinzia katika somo la Hesabu, amemtolea Mungu kitu kisicho chake. Usingizi wa wenzake haukuwa mali yake, na karo iliyotoka katika jasho la wazazi wake, huko shambani kwenye mtama na mihogo, haikutolewa ili alale darasani. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike walioacha kazi zao wakingoja kurudi kwa Bwana, akawaagiza wafanye kazi kwa utulivu. Kusoma ndiyo kazi yetu kwa sasa. Mwanafunzi mvivu anayeomba afaulu ni sawa na mkulima aliyelala msimu mzima wa mvua, kisha akaliombea ghala lake lijae.

Tena pasiwe na anayejidanganya kwamba Mungu aweza kubariki majibu ya mtihani yaliyonunuliwa. Kila mwaka husikika habari za watu wanaopita na karatasi wakidai kwamba ndizo zenyewe. Baraza la Mitihani huwafutia matokeo wanaokamatwa, na hilo latosha kuwaogofya wengi. Lakini Mkristo ana sababu nyingine kubwa zaidi. Cheti cha wizi ni ushahidi wa uongo uliotiwa muhuri. Utakibeba mpaka uzeeni, na kila utakapokionyesha utakuwa umesema uongo tena.

Wapo watakaosema kwamba maisha ya namna hii ni ya watawa na si ya watu wa dunia. Naomba niwaonyeshe watu watatu au makundi matatu, mawili kati yao ya hapa hapa kwetu Mara.

Kwanza, tumtazame Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Butiama. Alizaliwa mwaka 1922, akasoma shule ya Mwisenge mjini Musoma, na alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21. Basi hakubatizwa kwa kubebwa mgongoni. Aliingia katika Ukristo kwa miguu yake mwenyewe. Hata alipokuwa Rais alizoea kuhudhuria misa asubuhi, si Jumapili tu, kisha akaenda ofisini. Jambo la kuangalia ni kile alichokifanya baada ya kutoka misani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, naye mwenyewe akaishi hivyo. Mwaka 1970 alipohutubia Masista wa Maryknoll kule New York, aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupigana na mambo yanayowafanya watu kuwa masikini na wanyonge, watu wataliona halina maana kwao. Mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari yake, akarudi Butiama na kulima. Alitafsiri Injili na Matendo ya Mitume kwa tenzi, zikachapwa na Wabenediktini mwaka 1996. Sisemi kwamba hakukosea. Yeye mwenyewe alikiri baadhi ya makosa ya serikali yake. Nasema kwamba Mungu wa misa yake ya asubuhi alikuwa ndiye Mungu wa kazi yake ya mchana. Ndiyo maana Jimbo Katoliki la Musoma lilianza mwaka 2005 kuchunguza maisha yake ili aweze kutangazwa mwenye heri, naye sasa huitwa Mtumishi wa Mungu.

Pili, hao Wabenediktini waliomchapia tenzi zake. Mtakatifu Benedikto aliishi Italia katika karne ya 6, na kanuni aliyowaachia watawa wake iligawa siku katika saa za sala, saa za kusoma na saa za kazi za mikono. Watawa wa kanuni hiyo walianzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, huko kusini mwa nchi yetu. Penye makanisa yao hapakosi karakana za useremala, mashamba, shule, hospitali na mitambo ya uchapaji. Katika kanuni ile mna agizo ambalo lafaa kubandikwa katika stoo ya shule yetu: mtunza vyombo ayatazame majembe na vifaa vyote vya nyumba kwa heshima ile ile ya vyombo vya altareni. Hebu fikirini, wenzangu! Kama tungeamini hivyo, ni nani angeuvunja mpini wa jembe la shule na kulitupa majanini, au kulichora dawati kwa kisu?

Tatu, yako mambo yaliyotokea Shirati, kando ya Ziwa Victoria. Wamisionari wa Kimennonite walifika hapo mwaka 1934, na pamoja na kanisa pakatokea shule na hospitali. Mwaka 1942 uamsho uliokuwa umeanzia Gahini, nchini Rwanda, na kupitia Uganda, ulifika Shirati pia. Watu wa uamsho ule, katika nchi zote za Afrika Mashariki, walijulikana kwa jambo moja lililowashangaza jirani zao, nalo ni kwamba mtu akiokoka alirudisha vitu alivyoiba, akalipa madeni aliyoyakana, akaenda kuomba radhi kwa aliyemchukia. Wokovu wao uliingia mfukoni na zizini. Katika mkoa wetu huu, ambao umesumbuliwa miaka mingi na wizi wa ng'ombe, Ukristo wa namna hiyo wahitajika sana. Maana yuko Mkristo ambaye hawezi kuiba ng'ombe, lakini akiuziwa ng'ombe kwa bei ndogo usiku haulizi ametoka wapi. Huyo naye ni mwizi. Tofauti ni kwamba wizi wake hauna jasho.

Najua kuna hoja za kunipinga, na si vizuri kuzipita kimya. Wengine watasema kwamba shule yetu ni ya serikali, na serikali haina dini. Kwa hiyo mambo haya yakasemwe makanisani. Ni kweli kwamba serikali haina dini, na ni vizuri iwe hivyo, kwa kuwa tunakaa pamoja, Wakatoliki, Wamennonite, Waanglikana, Wasabato, Waislamu na wanaofuata mila za wazee. Lakini watu wa serikali wana dini zao, nazo hawaziachi langoni kama wageni wanavyoacha fimbo. Ndugu zetu Waislamu huswali mara tano kwa siku, nao ni mfano mzuri kwetu, kwani wamekubali kwamba alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha zote zina Mwenyewe. Mkristo asiyemkumbuka Mungu tangu Jumapili hata Jumapili hana la kujivunia mbele yao. Tena Mkristo akiishi imani yake kwa kutodhulumu, kutosema uongo na kutovivia kazi, hakuna mtu wa dini nyingine atakayekwenda kwa Mwalimu Mkuu kulalamika.

Wengine watasema kwamba mtu aweza kuwa mwaminifu bila dini yoyote. Hilo nalikubali, nami nawaheshimu watu wa namna hiyo. Lakini swali ni hili: siku ambapo uaminifu utaleta hasara, na hakuna mtu anayekuona, na rafiki zako wote wamekwenda njia nyingine, utashika nini? Mkristo aamini kwamba hayuko peke yake siku hiyo. Imani hiyo haimwondolei hasara, lakini humpa mahali pa kusimama.

Hapa nafika kwenye jambo zito kuliko yote niliyoyataja. Mtihani wetu utakwisha Novemba, nasi tutarudi nyumbani. Mwezi wa Desemba katika wilaya za Serengeti na Tarime ni mwezi wa Krismasi. Tena aghalabu ndio mwezi wa kukeketa wasichana. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza msichana aliye chini ya miaka 18 kukeketwa. Hata hivyo utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Mara wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na kwa nchi nzima walikuwa 8. Madaktari wamesema tangu zamani kwamba jambo hili huleta kutoka damu nyingi, vidonda vinavyooza na taabu wakati wa kuzaa, na wako wasichana waliokufa. Kama mkoa wetu ungekuwa hauna makanisa, ningelaumu ujinga peke yake. Lakini makanisa tunayo, na kengele zake zasikika. Wako wazazi wanaoimba kwaya asubuhi ya Krismasi, na wiki ile ile binti yao yumo katika orodha ya ngariba. Huyo ndiye Mungu wa Jumapili, ambaye haruhusiwi kuvuka kizingiti cha nyumba.

Hawakosekani Wakristo walioifungua milango siku zote saba. Kule Masanga, wilayani Tarime, kipo kituo cha Kanisa Katoliki ambacho huwapokea wasichana wakati wa msimu huo. Hufundishwa yale mema ya mila, yaani heshima, kazi na malezi, kisha hufanyiwa sherehe ya kuingia utu uzima bila kukatwa. Mjini Mugumu, Kanisa Anglikana lilifungua Nyumba Salama mwaka 2014 kwa ajili ya wasichana wanaokimbia. Watu wa vituo hivi hawakungoja Jumapili. Walihesabu gharama, wakatukanwa, wakaendelea.

Lakini kazi hii si ya vituo tu, nami nataka kusema na wavulana wenzangu hasa. Wazazi wetu hawawakeketi binti zao kwa kuwachukia. Huogopa kwamba binti hataolewa, na kwamba ng'ombe wa mahari hawatakuja. Sasa, waoaji ni nani? Si sisi tulioketi hapa? Mvulana wa Kidato cha Nne akimwambia baba yake kwa heshima kwamba hatadai mke aliyekeketwa, na kwamba dada yake asikeketwe kwa ajili yake, amelitikisa jiwe moja katika ukuta ule. Tukisema hivyo wavulana 20 wa kijiji kimoja, ukuta utaanza kupasuka. Najua si kazi rahisi. Mvulana atachekwa na watu wa rika lake. Ataambiwa shule imemharibu. Pengine baba atanyamaza naye siku nyingi. Kwa desturi zetu mtoto hajibizani na baba yake. Basi asijibizane. Atafute baba mdogo au mjomba mwenye busara, au katekista, au mchungaji, apeleke neno lake kwa njia hiyo, kama mambo mazito yanavyopelekwa siku zote. Na kama hatari imekaribia na dada hana mtetezi, apeleke habari kwa mwalimu, kwa ofisi ya kijiji au kwenye dawati la jinsia la polisi. Kumheshimu baba hakuna maana ya kumwacha atende jambo litakalomwua mwanawe na kumpeleka yeye mwenyewe gerezani.

Mtu hawezi kuwa shujaa wa Desemba kama hakuwa mwaminifu mwezi wa Juni. Aliyezoea kunyamaza mtoto wa Kidato cha Kwanza anapoondolewa kwenye foleni ya maji atanyamaza pia dada yake anapochukuliwa. Samaki mkunje angali mbichi. Na moyo vivyo hivyo. Ndiyo sababu nimeanza na upawa na ndoo ya maji kabla ya kutaja mambo haya makubwa.

Natoa shauri fupi, ambalo halihitaji fedha wala ruhusa ya mtu. Asubuhi, kabla ya kushika ndoo, mwanafunzi Mkristo amtolee Mungu siku yake kwa maneno machache, akiitaja kazi moja anayoiona ngumu. Mchana, kengele ya chakula ikilia, akumbuke kwa nusu dakika Aliyempa chakula na asiye na chakula. Usiku, kabla ya taa kuzimwa, ajiulize maswali matatu: Leo nimemdhulumu nani? Leo nimesema uongo wapi? Leo ni kazi gani niliyoiacha kwa uvivu? Akiona kosa, aombe msamaha kwa Mungu, na kesho yake alipe: arudishe kalamu, akiri kuhusu mpini wa jembe, afanye zoezi alilolinakili. Mtu akifanya hivyo kwa muhula mmoja tu hatahitaji kuwaambia wenzake kwamba yeye ni Mkristo. Watamjua kwa kugawa kwake maharage.

Walimu wetu na wazazi wetu, nanyi mwaweza kutusaidia. Mtusifu tunapofaulu, lakini mtuulize pia tumefaulu kwa njia gani. Na ninyi wadogo zetu mnaobaki, twawaachia madawati, majembe na foleni ya maji. Vitumieni vyote mkijua kwamba yuko Mmoja anayeona Jumatatu sawasawa na Jumapili.